Jini kwenye kamera? Anza kwa kufuta utando wa buibui

Ukiletewa klipu ya mzimu, iwe inadaiwa kutoka makaburi ya Kinondoni au uani kwa jirani yako Tabata, usianze kubishana kama majini yapo au hayapo. Huo ni mjadala wa sheikh, mchungaji na bibi, na kioo cha simu hakitaumaliza. Anza na kamera. Mimi nafunga na kutengeneza kamera za ulinzi hapa Dar, na karibu kila jini niliyeitwa kumwangalia alikuwa na makazi yanayofahamika: mbele kidogo ya lenzi, ndani ya mashine ya kurekodia, au kwenye simu ya kijana anayetafuta wafuasi.

Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona, kisha chanzo chake na namna ya kukijaribu. Dalili nyingine nimezieleza kirefu kuliko nyingine kwa sababu ndizo zinazonipigisha simu usiku.

Kwanza: faili lenyewe liko wapi?

Klipu iliyopita WhatsApp imeshaminywa. Vitu vidogo vimefutika, nyuso zimegeuka vipande vya mraba, na taarifa za faili, kama aina ya simu na saa ya kurekodi, kwa kawaida zimeondolewa. Mwombe aliyerekodi akutumie kama dokumenti, siyo kama video ya kawaida. Angalia na jina la faili. Likiwa mfano VID-20240312-WA0007, hiyo tarehe ni ya siku simu ilipoipokea klipu, haikuambii ilirekodiwa lini. Na ukiona vile vishale viwili juu ya ujumbe, jua umeshapita kwenye mnyororo wa watu watano au zaidi kabla ya kukufikia.

Jibu likiwa "nimetumiwa na shemeji, naye katumiwa na mtu wa kazini kwao", hapo huna ushahidi mkononi, una uvumi. Simamisha video pale kitu kinapoonekana vizuri, piga picha ya kioo, itafute kwa Google Lens au TinEye. Mara nyingi utaikuta ileile, ya miaka ya nyuma, yenye maelezo ya lugha nyingine. Kama haipatikani, tazama vitu ambavyo mtunga uvumi huwa havifikirii. Soketi za ukutani: zetu nyingi zina matundu matatu ya pembe nne, kwa hiyo ukiona matundu mawili ya duara ukutani, hiyo nyumba si ya Magomeni. Magari yanapita upande gani wa barabara? Namba za gari ni za njano au nyeupe, zinaanza na T? Klipu nyingi za "Dar jana usiku" zinaishia hapo.

Duara jeupe linaelea, au kamba nyeupe inashuka, na ni usiku tu

Hii ndiyo bingwa. Kamera ya ulinzi gizani huwasha taa zake ndogo za infraredi. Nyingi hutumia mwanga wa nanomita 850, ambao jicho haliuoni isipokuwa wekundu hafifu ukisogea karibu. Taa hizo zimezunguka lenzi yenyewe. Chochote kinachopita sentimita chache mbele yake, iwe vumbi, mbu, tone la manyunyu au uzi wa buibui, kinamulikwa kwa nguvu kuliko uani kote, na kwa kuwa kiko karibu mno lenzi haiwezi kukionyesha kwa ukali. Mbu anakuwa mpira wa mwanga. Uzi unakuwa nyoka.

Mwenye duka mmoja Mbagala alishafanyiwa hadi dua kabla hajanipigia. Kwenye video yake kamba nyeupe, nene kama mkono, ilikuwa inashuka kutoka juu, inapinda, inapanda tena, kila siku baada ya saa saba usiku. "Fundi, mimi wezi siwaogopi, naogopa hiki," aliniambia, amesimama mbali na kioo. Nikaomba stuli. Kati ya taa mbili za infraredi kulikuwa na uzi mmoja wa buibui, unachezeshwa na upepo wa feni iliyokuwa ikitoa joto dukani. Nikaufuta kwa kitambaa kikavu huku yeye anatazama kioo. "Kaondoka!" Swali lililobaki ni kwa nini saa saba. Jirani yake alikuwa anazima taa ya barazani muda huo. Kabla ya hapo kamera ilikuwa bado inaonyesha rangi. Taa ikizimwa, infraredi inawaka, na uzi ambao ulikuwepo muda wote unaonekana.

Jaribio: je, picha iko nyeusi-na-nyeupe kitu kinapotokea? Je, mchana hakijawahi kuonekana? Futa lenzi na kioo cha mbele kwa kitambaa laini, kisha tazama usiku wa pili. Kamera zenye kuba hukusanya unyevu ndani, na kwa joto letu la pwani utapata ukungu mweupe usioondoka kwa kufuta nje. Hiyo ifunguliwe, ikaushwe, mpira wake ubadilishwe.

Kwenye simu ni kisa hichohicho, ila mhusika ni flashi iliyo kando kabisa ya lenzi. Madoa ya duara kwenye picha za msibani au harusini ni vumbi na matone. Kama hauamini, kung'uta mkeka gizani, piga picha kwa flashi, kisha piga bila flashi.

Mwanamke mweupe pe, macho yanawaka

Watu wengi hawajui kuwa infraredi haioni rangi kama sisi. Nguo nyingi nyeusi za kitambaa cha kiwandani huakisi infraredi vizuri, zikatoka nyeupe au kijivu cheupe kwenye kamera ya usiku. Jirani aliyevaa baibui jeusi akipita kwenda kuchota maji saa kumi alfajiri, kamera inakuonyesha mwanamke mwenye vazi jeupe linalong'aa. Majani ya mwembe nayo yanatoka meupe, ndiyo maana uwani kote kunaonekana kama kumemwagwa unga. Macho huwaka kwa sababu nyuma ya jicho kuna sehemu inayorudisha mwanga kule ulikotoka. Kwa paka na komba inazidi, lakini hata binadamu anatosha kutisha.

Jaribio ni rahisi: vaa nguo hiyohiyo nyeusi, simama palepale, saa ileile.

Na kama kitu cheupe kinapita hewani bila mlio wowote, kina mabawa mapana na uso bapa, mara nyingi huyo ni bundi mweupe anawinda panya. Anaruka kimya kweli, na Dar panya hawakosekani.

Mtu anaonekana kama moshi, ukuta unaonekana kupitia mwili wake

Gizani kamera inahitaji muda mrefu kukusanya mwanga kwa kila fremu. Anayetembea wakati huo anaacha alama mahali kadhaa, na ukuta wa nyuma nao unajiandika pale alipokuwa ameshaondoka. Miguu ndiyo inayopotea kwanza kwa kuwa inakwenda kasi kuliko kiwiliwili. Huyo ndiye mzimu asiyekanyaga chini.

Kamera za ulinzi zinaongeza jambo lao. Kuna mpangilio wa kupunguza chengachenga ambao huchanganya fremu ya sasa na zilizopita. Ukiwekwa juu sana, mtu anayepita anaacha mkia hafifu unaomfuata, na wakati mwingine mkia unabaki sekunde nzima baada ya yeye kutoka. Ingia kwenye mipangilio, ushushe, kisha zuia shata, yaani muda wa kukusanya mwanga kwa kila fremu, isiende taratibu kupita kiasi. Picha itakuwa na chenga zaidi, lakini watu watakuwa na miguu.

Simu zenye hali ya usiku ni hivyohivyo: zinapiga picha nyingi kwa sekunde kadhaa na kuziunganisha. Aliyehama katikati anatoka nusu. Ukipiga kwa panorama na mtu akasogea, anaweza kutoka hana kichwa au ana mikono mitatu; hapo hata usisumbuke kumpigia fundi.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1856 mwanasayansi wa Uskoti, David Brewster, alieleza jinsi ya kutengeneza picha ya mzimu kwa kumwingiza mtu mbele ya kamera kwa muda mfupi wakati picha bado inapigwa. Katika miaka ya 1860 William Mumler wa Boston akaigeuza biashara, akiwauzia wafiwa picha zao pamoja na marehemu wao. Mwaka 1869 alifikishwa mahakamani New York kwa udanganyifu, akaachiwa kwa kuwa upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha hasa anavyofanya. Baadaye hata Mary Todd Lincoln, mjane wa rais wa Marekani, alipiga kwake picha yenye kivuli cha mumewe nyuma ya bega.

Katokea ghafla katikati ya uwanja, au kapotea mtu anaona

Tazama saa iliyo pembeni ya picha, usimtazame mtu. Kamera nyingi za majumbani zimewekwa zirekodi pale tu panapokuwa na mwendo, ili diski isijae. Mtu akisimama kimya, rekodi inakata. Akisogea, inaanza tena, naye tayari yuko hatua tano mbele. Ukiona sekunde zimeruka kutoka 02:14:07 hadi 02:14:31, hakuna aliyepotea hewani. Kuna sekunde 24 ambazo hazikurekodiwa.

Umeme ukikatika na kurudi, kamera inajiwasha upya na pengo linakuwa refu zaidi. Na kama betri ndogo ya ndani ya mashine imekufa, saa inarudi tarehe ya kiwandani. Nimeshaonyeshwa video ya "jini wa mwaka 2000" kwenye nyumba ambayo mwaka huo ilikuwa bado shamba la mihogo. Badilisha betri, panga saa.

Saa isiporuka, kagua kama kuna mkato uliofichwa. Mtu aliyeweka simu kwenye stendi anaweza kurekodi ukumbi ukiwa na mwenzake, kisha mtupu, akaunganisha. Usimwangalie anayepotea, angalia pazia, feni, mawingu dirishani, kivuli cha mti. Kimojawapo kitaruka.

Kivuli cheusi kinapanda ukutani taratibu, kinarudi, kinapanda tena

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Kamera iliyotoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa hezi 60 haiendi sambamba nazo, ikachora mistari ya giza inayopanda au kushuka. Badilisha mpangilio uwe 50 na vivuli vinakoma. Kama havijakoma, badilisha balbu.

Sura dirishani, taa za kijani juu ya bahari

Kioo kinaonyesha kilicho mbele na nyuma yake kwa pamoja. John Henry Pepper alijaza watu ukumbini London mwaka 1862 kwa kioo kikubwa kilichoinamishwa jukwaani: mwigizaji aliyejificha chini anamulikwa, watazamaji wanaona mzimu unatembea kati ya waigizaji. Dirisha la daladala usiku, lenye taa ndani na giza nje, linafanya hivyo bure. Bandika simu kabisa kwenye kioo au jifunike kanga wewe na simu. Sura ikitoweka, ilikuwa ya mtu wa siti ya nyuma.

Taa za kijani zinazoruka angani, hasa za wanaorekodi usiku wakipita Daraja la Tanzanite au Salenda, ni mwanga wa taa za barabarani unaogongana ndani ya lenzi. Chora mstari kutoka kwenye taa halisi kupita katikati ya picha: doa la kijani liko upande wa pili, karibu umbali uleule. Sogeza simu taratibu kulia na kushoto uone doa likienda kinyume na taa yake. Ziba taa hiyo kwa kidole mbele ya lenzi, na chombo cha angani kinatua mara moja.

Kiti kinajisogeza, mlango unafunguka

Swali la kwanza si nani kakisogeza. Ni hili: kwa nini kamera ilikuwa inakitazama kiti? Mtu anayerekodi kiti kitupu kwa sekunde kumi kabla hakijaanza kusogea alikuwa anajua kinachokuja. Kamera ya ulinzi inaweza kujitetea, kwa sababu inatazama palepale mwaka mzima. Simu ya mkononi haina utetezi huo.

Kisha angalia mwendo wenyewe. Uzi wa nailoni wa mvuvi, ule mwembamba unaouzwa Feri, hauonekani kwenye klipu iliyominywa. Lakini kiti kinachovutwa kwa uzi huanza kwa kushtuka, huvutwa kutoka sehemu moja ya chini, na huenda kwa mstari ulionyooka kuelekea mlango au dirisha. Omba video iliyorekodiwa kutoka upande mwingine, au uone chumba kizima hadi mlangoni. Mwenye uzi atakuwa na sababu nyingi za kutokuonyesha.

Milango ina wakili mzuri: upepo. Wakati wa kusi, nyumba yenye madirisha upande wa bahari hufungua na kubamiza milango bila msaada wa mtu. Weka kitasa sawa kwanza.

Ni nzuri mno

Mzimu anayeonekana vizuri kuliko watu wengine wote kwenye picha ni wa kutiliwa shaka. Programu za simu za kubandika mizimu zina sura chache zilezile. Ukimwona binti wa nywele ndefu na gauni jeupe aliyeinamisha kichwa, mtafute kwa Google Lens utamkuta Manila, Lagos na Tandika. Kagua kivuli: taa inatoka wapi, na je, naye anamulikwa kutoka hukohuko? Chenga za picha ziko juu yake kama zilivyo ukutani, au yeye ni msafi? Kiti kilicho mbele yake kinamziba?

Na usidhani watu wenye akili hawadanganyiki. Mwaka 1917 huko Cottingley, Uingereza, binamu wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walipiga picha za vibwengo wenye mabawa. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Sherlock Holmes, akaziamini na kuziandikia makala. Mabinti hao walikuja kukiri mwaka 1983, wakiwa vikongwe: vilikuwa vikato vya karatasi vilivyosimamishwa kwa pini za kofia.

Siku hizi karatasi imeachia nafasi akili mnemba (AI). Klipu hizi huwa fupi, sekunde nane au kumi, au vipande vifupi vilivyoungwa. Mimi huenda moja kwa moja kwenye maandishi: bango la duka la dawa, jina la njia mbele ya daladala, namba ya bajaji inayopaswa kuanza na MC. Akili mnemba inapenda kuandika herufi zinazofanana na Kiswahili lakini hazisomeki, au zinazobadilika gari likisogea. Fuatilia pia kitu kinachopita nyuma ya nguzo. Kikitoka upande wa pili na rangi nyingine au mguu wa ziada, umemaliza. Ila dalili hizi zinapungua kila toleo jipya, hivyo klipu isiyo na kasoro haijathibitisha chochote. Rudi kwa aliyerekodi, na umwombe faili.

Mtoto analia juu ya mti, hakuna mtoto

Komba. Mlio wake usiku unafanana sana na kilio cha mtoto mchanga, na miti mikubwa ya pwani anaipenda. Mulika tochi juu ya mwembe utayaona macho mawili mekundu yakiruka tawi hadi tawi, jambo ambalo kwa asiyejua linazidisha hofu badala ya kuipunguza. Ongeza popo wa matunda na paka wanaopandana, na sauti nyingi za usiku zimeshapata wenyewe. Minong'ono kwenye rekodi ya simu mara nyingi ni kinasa sauti kinachojiongeza nguvu pakiwa kimya, mpaka redio ya nyumba ya tatu inaingia.

Hapa niongeze jambo ambalo si la kamera. Kama watu wa nyumba hiyo wenyewe wanaona vitu, wanasikia hatua, na asubuhi wanaamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, usiniite mimi. Toeni jiko la mkaa ndani na jenereta mbali na dirisha, fungueni madirisha, nendeni hospitali. Kaboni monoksaidi haina harufu, inavuruga akili, na inaua watu usingizini.

Klipu inayoonyesha mchawi, "mwanga aliyeanguka na ungo"

Hii siifanyii uchunguzi wa lenzi, na ningekuomba nawe usiifanyie. Bibi aliyekutwa uchi uani kwa watu alfajiri, amechanganyikiwa, hajui alipo, ni mtu halisi kwenye video halisi. Mara nyingi ni mzee aliyepoteza kumbukumbu akatoka nyumbani usiku. Kinachohitajika hapo ni kanga ya kumsitiri na mtu wa kutafuta ndugu zake kupitia mjumbe au serikali ya mtaa. Nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na kusambaza uongo mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Zima, usiisambaze, mwambie na aliyekutumia.

Umejaribu vyote na bado hujui ni nini

Inatokea. Klipu ina mwenyewe, faili ni halisi, saa haijaruka, lenzi safi, na kitu kimepita. Unachoweza kusema ni kwamba hakijaelezeka. Kutoka hapo hadi "ni mzimu" kuna safari ambayo kamera haiwezi kukubeba. James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani, aliweka zawadi iliyofikia dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha jambo lisilo la kawaida chini ya masharti ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Zawadi ilifungwa mwaka 2015 bila mtu kuichukua.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiwashe upya mashine wala kubadili mpangilio wowote kabla ya kunakili, kwa sababu diski ikijaa inafuta za zamani yenyewe, na kwenye mashine nyingi za majumbani hilo ni suala la siku chache. Nakili kwenye flashi diski saa nzima kabla na saa nzima baada ya tukio, siyo zile sekunde sita tu, tena kwa muundo asilia wa mashine. Kurekodi kioo kwa simu hakuhesabiki. Andika hali ya hewa, taa zilizokuwa zinawaka, nani alikuwa macho. Kisha ongeza kamera ya pili inayotazama eneo lilelile kutoka pembe nyingine, na infraredi yake iwe imefungwa mbali na lenzi. Kikitokea tena kwenye moja tu, kiko kwenye kamera hiyo. Kikitokea kwenye zote mbili, mahali pamoja, saa ileile, hapo nipigie, hata kama ni saa tisa usiku.